Kiwanja cha Maji Kupwa

Sisi tuliokulia Lamu, ratiba yetu ya kandanda ilipangwa na mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari hurudi mbali, mchanga wa Shela ukabaki mgumu na mpana, timu mbili zikaenea na watazamaji wakapata pa kusimama. Siku za maji mafu bahari hairudi sana, na kiwanja huwa kama kichochoro. Magoli ni champali nne. Maji yakijaa, mechi imekwisha, hata kama kuna penalti haijapigwa.

Hayo hunijia kila nikisikia hesabu za AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa pamoja. Uwanja wa Talanta, Nairobi, umekusudiwa kubeba watu 60,000. Sipingi hata kidogo. Mwaka 2017 tulipokonywa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ikapelekwa Moroko kwa kuwa viwanja vyetu havikuwa tayari. Agosti 2025 ikaja kweli, na Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilipotolewa na Madagaska kwa penalti pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, barazani kwetu watu wazima walitokwa na machozi. Nataka siku kama zile zirudi.

Ila roho yangu iko kwenye siku ya pili, wageni wakishafunga mizigo. Montreal iliandaa Olimpiki mwaka 1976, deni la uwanja wake likaisha kulipwa 2006. Athens ilijenga viwanja vya besiboli kwa ajili ya 2004, mchezo ambao Wagiriki hawauchezi sana, na vikaota magugu. Inayonigusa zaidi ni Barcelona, kwa sababu nayo ni mji wa bahari. Ufuo wake ulikuwa umezibwa na viwanda na reli. Walipojiandaa kwa Olimpiki ya 1992 waliviondoa, na watu wa mji wakapata tena pa kuogelea. (Baadaye watalii walifurika na kodi za nyumba zikapanda. Watu wa Shela hawahitaji kuelezwa jambo hilo.)

Na sisi tuna mashindano yetu. Wakati wa Maulidi hupigwa mbio za punda, na jahazi hushindana mbele ya mji huku ukingo mzima wa bahari umejaa watu. Hakuna kilichojengwa kwa ajili ya siku hiyo. Punda aliyeshinda leo, kesho yuko na magunia ya saruji mgongoni. Jahazi nazo hurudi kazini. Mji wenyewe ndio uwanja, na kwa kuwa unatumika kila siku, hauchakai kwa kukosa watu.

Kinachokosekana ni mahali pa nchi kavu pa kuchezea. Uwazi tuliokuwa tukikimbilia tukitoka chuo cha Kurani uliamka asubuhi moja umezungushiwa ukuta wa mawe. Wazee walikwenda kuuliza, wakaambiwa walete karatasi. Karatasi hatukuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kiwanja cha watoto kinahitaji karatasi.

Kodi ya nchi hii inatoka hata kwa mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, anayenunua mafuta ya mashine. Basi pamoja na AFCON tupewe hili: kila tarafa ya Lamu ipimiwe kiwanja kimoja, kiwekewe mipaka, na hati yake iandikwe kwa jina la umma kabla mechi ya kwanza haijachezwa Nairobi. Nyasi tutapanda wenyewe.