Sista Aelia na Sista Capitolina

Bango lililoagizwa kwangu lilikuwa la mita 3 kwa 1, la kufungwa kwenye lango la kanisa kuwapokea mahujaji wa parokia moja ya Bukoba waliokuwa wakirudi kutoka Nchi Takatifu kwa njia ya Entebbe na Mutukula. Kazi ndogo tu. Iliyoikuza ni kamati, iliyotaka jina la Yerusalemu liandikwe kwa Kilatini "ili lipendeze", na kila mjumbe akaja na Kilatini chake.

Katekista mstaafu alitaka HIEROSOLYMAM, kwa sababu ndiko walikokwenda mamajusi katika Injili ya Mathayo. Mwalimu wa kwaya alitaka JERUSALEM, kwa sababu wanaiimba katika zaburi: *stantes erant pedes nostri in atriis tuis, Jerusalem*, yaani miguu yetu ilisimama katika nyua zako, Yerusalemu. Kijana mmoja akatoa simu akaonyesha HIERUSALEM, ya kwenye Biblia za zamani zilizoandikwa kwa mkono. Wakatazamana kwa hasira, na balaa ni kwamba wote watatu walikuwa sahihi.

Mji huu una majina ya Kilatini ya koo mbili. Jerusalem limetoka Kiebrania na halibadiliki mwisho hata ulifanyeje. Hierosolyma limepitia kwa Wagiriki, ambao waliliundia mwanzo unaofanana na neno lao la "takatifu", *hieros*, ndiyo maana lina H kichwani. Hili la pili hubadilika, tena kwa namna mbili, maana wengine walilitumia kama nomino ya kike ya umoja na wengine kama ya wingi isiyo ya kike wala ya kiume. Cicero, wakili wa Kirumi, akimtetea Flaccus mahakamani mwaka 59 KK, alisema *captis Hierosolymis*, yaani Yerusalemu ulipotekwa, kwa wingi. Mamajusi wa katekista wanakwenda Hierosolymam, umoja.

Kwa mtu wa mabango kanuni ni fupi. Mtu akienda, andika Hierosolymam. Akiwa huko, au akitoka huko, andika Hierosolymis, wala usiweke neno la "kutoka" mbele yake, kwa kuwa majina ya miji hayalihitaji. Bango la katekista lingewapokea mahujaji kwa kuwarudisha walikotoka. Nikapendekeza SALVETE PEREGRINI HIEROSOLYMIS REDEUNTES, yaani salamu, mahujaji mnaorudi kutoka Yerusalemu.

Hapo hesabu ikaleta ubishi mwingine. Maneno hayo yana herufi 37, na nafasi 3 zinafanya 40. Ukiacha sentimita 10 kila upande, zinabaki mita 2 na sentimita 80, kwa hiyo kila herufi inapata upana wa sentimita 7. Kwa mtu aliyesimama langoni zinatosha; kwa aliye juu ya bodaboda barabarani hazitoshi. Dawa yake ni kuvunja mistari miwili. Mama Mwenyekiti hakutaka mistari miwili. Isitoshe, alisema, Hierosolymis linasikika kama ugonjwa wa ini, na mgeni rasmi ana presha.

Akafungua kitabu cha historia alichoazima, akaweka kidole: AELIA CAPITOLINA.

Nilimweleza kwa adabu zote. Tito, jemadari wa Kirumi, aliubomoa mji mwaka 70. Kaisari Hadrian akaja kuujenga upya kama koloni la Kirumi, na vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma wa mwaka 132 hadi 135, vilipokwisha Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia. Aelia ni jina la ukoo wa Hadrian mwenyewe, Aelius. Capitolina ni heshima ya Jupiter wa Capitolium, kilima cha Roma, mungu wa Warumi. Jina lilidumu, hata Waarabu walipouteka mji karne ya 7 walisema Iliya, na mawe ya maili ya khalifa Abd al-Malik yameandikwa hivyohivyo. Lakini kulitundika kwenye lango la kanisa ni kumkaribisha Jupiter kwenye pilau.

"Ni Kilatini?" akauliza.

"Ni Kilatini."

"Ni Yerusalemu?"

"Ni Yerusalemu, Mama."

"Basi chapa."

Ikaja picha. Kamati ilitaka "vijana wetu" waonekane, wakatuma kwa WhatsApp picha ya wasichana wawili, Devotha na Anitha, wakiwa Mlima wa Mizeituni. Picha ikitumwa hivyo hubanwa. Ukiivuta hadi mita 1 inatoka ukungu mtupu. Iombe itumwe kama faili, si kama picha. Hata ilipokuja kama faili, nyuma yao kulikuwa na basi la watalii, ikabidi basi likatwe. Walichobaki nacho mabinti wale ni nyuso mbili za upole, mikono imekunjwa kifuani, na vichwani vitambaa vyeupe vya hija.

Mpangilio aliuamua Mama Mwenyekiti. Juu, KARIBUNI NYUMBANI. Katikati, msalaba wa Yerusalemu, mmoja mkubwa na minne midogo pembeni. Devotha kushoto, Anitha kulia. Na kwa kuwa katikati pamejaa msalaba, jina la mji likagawanywa: AELIA likaangukia chini ya Devotha, CAPITOLINA chini ya Anitha. Nilituma sampuli kwenye grupu la kamati. Jibu likawa dole gumba, maua, na "Mungu ni mwema".

Bango likafungwa asubuhi na mapema, viduara vya chuma vya kamba kila nusu mita ili upepo wa ziwa usilichane. Kabla ya misa ya kwanza kwisha, mtaa mzima ulishajua kwamba parokia imepata masista wawili.

Mtu wa kwanza kufika na mbuzi alikuwa Bibi Kapitolina. Ukiwa Kagera usishangae jina. Wazee wetu walibatizwa majina ya Kirumi kwelikweli. Maisha yake yote hakuwahi kumpata wajina, leo anampata, tena mtawa! Alimfunga mbuzi kwenye mlingoti, akakaa kivulini kumsubiri. Wakafuata wenye mikungu ya ndizi, na mama mmoja na kopo la senene wa kukaanga. Kila aliyepita aliuliza Sista Aelia ni wa ukoo gani, na kila aliyeulizwa alijibu kitu.

Coaster ilipofika na vigelegele, mshereheshaji, ambaye naye alisoma bango kama wengine, akashika maiki: "Sista Aelia, shuka uwapungie wazazi!" Devotha akashuka, akapunga. Amechoka, ametoka safari, ameitwa, akapunga.

Aliyemwona akipunga ni shangazi wa mchumba wake.

Mahari ya Devotha ilikuwa imeshatolewa, imebaki send-off. Simu ikapigwa. Chakula hakijapakuliwa, baba mdogo wa bwana harusi akaingia na wazee wawili, koti la suti juu ya kanzu, akataka kujua ni nani aliyewapa masista binti aliyelipiwa, na kama mahari inarudi taslimu au kwa ng'ombe. Baba yake Devotha hakuwa na habari yoyote; alikuwa anakula senene.

Mama Mwenyekiti akanisukuma mbele. "Waeleze wewe uliyesoma seminari."

"Mzee wangu, shikamoo. Aelia si jina la binti. Ni jina la mji, limetoka kwa Hadrian."

"Hadrian?" Mzee akageuka kwa wenzake. "Kumbe kuna na mwanamume mwingine!"

Nikamwambia alikuwa Kaisari wa Roma, amekufa tangu mwaka 138. Mzee mmoja akauliza kama aliacha watoto. Ilibidi Devotha mwenyewe aletwe, avue kitambaa, aonyeshe nywele zilizosukwa na pete ya uchumba, ndipo wazee wakakubali kukaa na kupokea sahani.

Aliyekataa kabisa kuelewa ni Bibi Kapitolina. Alionyeshwa Anitha, akaambiwa huyu ni Anitha, akasema sawa, lakini jina limeandikwa, na mbuzi akishatolewa harudi. Nilipomwambia kwamba hata baadhi ya sarafu za mji huo ziliandikwa COL AEL KAP, kwa K kama lake, ndiyo nikaharibu zaidi. Alitaka kujua hizo sarafu ziko wapi na nani anazitumia.

Kulipokucha alikuja na mkasi. Upande wa kulia wa bango, wenye CAPITOLINA na uso wa Anitha, sasa uko sebuleni kwake juu ya redio. Upande wa Aelia kauchukua katekista. Anaanikia kahawa, na amechora H kwa wino mwekundu pale juu.