Simfoni tatu za Louise Farrenc zilipepetwa na nani?

Hoja ya wanaopinga okestra za leo kumpiga Louise Farrenc, mtunzi wa Kifaransa wa karne ya 19, ni fupi na ina sura ya busara: muziki mzuri haufi. Wakati umekwisha kutenga pumba na mchele, na kama Farrenc hakubaki kwenye ungo, basi okestra zinazompangia nafasi leo zinafanya hisani tu. Wanaosema hivyo si wajinga, na wengi wao hawana chuki na wanawake. Ni wasikilizaji wa siku nyingi waliochoka kuona jina la mtunzi wa kike likichomekwa kwenye programu kila Machi, mwezi wa Siku ya Wanawake, likitanguliwa na hotuba, kisha likiondolewa Aprili. Uchovu huo nauelewa. Hitimisho lao ndilo linalonitatiza, kwa sababu linaegemea jambo ambalo halikutokea.

Kwa asiyemfahamu: Farrenc alizaliwa Paris mwaka 1804 katika ukoo wa wachongaji sanamu, akina Dumont. Kaka yake Auguste ndiye aliyetengeneza lile umbo la dhahabu lenye mabawa lililo juu ya mnara wa Bastille. Alisoma utunzi kwa Anton Reicha, mwalimu yuleyule wa Berlioz, Liszt na Franck. Akiwa na miaka 17 aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi na mchapishaji wa muziki. Kuanzia 1842 hadi 1873 alikuwa profesa wa piano katika Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha Ufaransa, cheo cha kudumu ambacho kwa mwanamke wa karne ile kilikuwa nadra sana. Ameacha uvertura mbili (vipande vya okestra vya kufungulia tamasha), simfoni tatu, na muziki mwingi wa piano na wa vikundi vidogo.

Watetezi wake, kusema kweli, wamemponza. Wanamsimulia kana kwamba ni Fanny Hensel, mtunzi na dada wa Felix Mendelssohn. Habari za Fanny zinajulikana: baba yake alimwandikia mwaka 1820 kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, lakini kwake yeye ubaki kuwa pambo, na baadhi ya nyimbo zake zikatoka chini ya jina la mdogo wake huyo. Farrenc hakupitia hayo. Wazazi walimlipia walimu, mume alimsukuma mbele, serikali ikampa mshahara. Mtunzi wa Kijerumani Robert Schumann aliyasifu maandishi yake ya piano mwaka 1836, kabla simfoni hata moja haijaandikwa. Académie des Beaux-Arts ilimtunuku tuzo ya Chartier mara mbili, 1861 na 1869. Ukimwambia mpinzani kwamba mwanamke huyu alizibwa mdomo, atakujibu kwa mistari mitatu na mjadala utaishia hapo.

Tena mpinzani ana karata nzito kuliko hiyo. Paris ya miaka ya 1840 ilikuwa mji wa opera. Mtunzi asiyeandika opera alikuwa kama hayupo, na simfoni mpya ilikuwa bidhaa isiyo na soko. Jumuiya ya matamasha ya Conservatoire ilianza mwaka 1828 ikiwa na mapenzi makubwa kwa Beethoven, na kwa miongo kadhaa aliye hai alipata nafasi kwa shida. Berlioz mwenyewe aligharimia matamasha yake kutoka mfukoni. Halafu tazama wanaume walioandika simfoni katika mji huohuo: George Onslow, Henri Reber, Théodore Gouvy. Wote walisifiwa na wote wamesahauliwa, na ni wachache wanaowafanyia kampeni. Kwa hiyo, anasema mpinzani, kilichomzamisha Farrenc ni aina ya muziki aliouchagua, jinsia haimo.

Nusu ya hoja hiyo naipokea bila ubishi. Lakini nusu ya pili inateleza mahali pamoja, na mahali penyewe ni namba: katika simfoni tatu na uvertura mbili, zilizochapishwa wakati wa uhai wake ni 0.

Namba hiyo hupitwa haraka mno katika makala za aina hii, nami naomba tukae nayo kidogo. Simfoni si kitabu ambacho nakala moja ikipona mtu anaweza kuisoma. Ili Simfoni ya Tatu ya Farrenc isikike, mwongozaji anahitaji noti kamili mbele yake, na kila mpigaji anahitaji karatasi ya sehemu yake: filimbi mbili, obo mbili, klarineti mbili, basuni mbili, pembe za shaba mbili, ngoma za timpani, kisha ala za nyuzi, ambazo kila wapigaji wawili hushirikiana karatasi. Bila matbaa, yote hayo hunakiliwa kwa mkono, usiku, kwa malipo, na kosa moja la mwandishi husimamisha mazoezi ya watu 60. Okestra ya Paris ilifanya hivyo kwa sababu mtunzi alikuwa katika jengo hilohilo. Okestra ya Leipzig au London ingeanzia wapi? Hapakuwa na duka la kuagiza. Hapakuwa na nakala ya maktaba, wala toleo la piano kwa mikono minne ambalo familia zingelipiga nyumbani jioni, na kabla ya santuri toleo la namna hiyo ndilo lililoifikisha simfoni masikioni mwa watu wengi zaidi.

Sasa rudi kwa Onslow. Muziki wake ulichapishwa na kuuzwa. Ulichezwa Ujerumani na Uingereza, watu wakaujua, kisha wakauacha. Huyo kweli alipepetwa. Unaweza kusikitika, lakini huwezi kusema hakupewa nafasi. Simfoni ya Kwanza ya Farrenc ilisikika Brussels mwaka 1845, chini ya François-Joseph Fétis; ya Pili Paris mwaka 1846; ya Tatu palepale Conservatoire mwezi wa Aprili 1849, katika tamasha moja na Simfoni ya Tano ya Beethoven, jirani ambaye nisingemtakia mtunzi yeyote. Baada ya kupigwa mara chache, karatasi zikarudi kabatini. Leo ziko Bibliothèque nationale de France. Kumlinganisha na Onslow, basi, kunaonyesha kinyume cha kile mpinzani anachotaka: mmoja aliingia kwenye ungo, mwingine hakuwahi kumiminwa.

Anayedhani kazi kubwa hujitokeza yenyewe amkumbuke Schubert. Alikufa 1828, na simfoni yake kubwa ya C ikabaki Vienna kwa kaka yake Ferdinand. Ilitoka kwa sababu Schumann alikwenda kumtembelea Ferdinand miaka kumi baadaye, akaiona, akaipeleka Leipzig. Mendelssohn akaipiga mwaka 1839 na Breitkopf & Härtel wakaichapisha. Mgeni mmoja mwenye jicho, mwongozaji mmoja mwenye okestra, mchapishaji mmoja mwenye mtaji. Ondoa mmoja wao na huenda leo tungeambiwa kwamba wakati uliihukumu simfoni ile.

Kwa nini Farrenc hakupata mchapishaji wa simfoni, ilhali mume wake alikuwa katika biashara hiyo? Mpinzani atachukua swali hili kama ushahidi wake: hata mumewe hakuthubutu, maana hapakuwa na wanunuzi. Ni kweli. Muziki wa piano na matrio, yaani vipande vya wapigaji watatu, ulichapishwa kwa sababu ulikuwa na wanunuzi. Fétis, katika kamusi yake kubwa ya wasifu wa wanamuziki, alilieleza jambo hili bila kupindisha: hadhira hupima kazi kwa jina la mtunzi, na jina lisipojulikana wachapishaji hawana masikio. Lakini jina lilijengwaje Ufaransa? Kwa opera, na kwa tuzo ya Prix de Rome, ambayo wanawake hawakuruhusiwa kuigombea hadi 1903. Darasa la utunzi la Conservatoire lilikuwa la wanaume, ndiyo maana Farrenc alisoma kwa Reicha faraghani. Na alipokuwa profesa, alipewa wasichana wa piano. Miaka 30 ya kufundisha, na katika darasa lake hakuketi mvulana hata mmoja ambaye angekuja kushika okestra na kusema, leo tunapiga kazi ya mwalimu wangu. Reicha alipata watu wa kumkumbuka kwa sababu ya wale waliopita mikononi mwake.

Kwa hiyo jinsia, iliyotolewa kwa mlango wa mbele, imeingia kwa dirishani. Haikumzuia kuandika. Ilimnyima njia ambazo kazi iliyokwisha kuandikwa husafiri nazo.

Kuhusu mshahara wake yamesemwa mengi, nami nitapita haraka. Kwa miaka minane alilipwa pungufu ya wenzake wanaume wa cheo hichohicho. Mwaka 1850 Noneti yake, kipande cha wapigaji tisa, ilichezwa Paris, Joseph Joachim, kijana wa miaka 18 aliyekuja kuwa mpiga fidla mashuhuri, akiwa kwenye fidla. Ilishangiliwa. Mwaka huohuo Farrenc akamwandikia mkurugenzi wa Conservatoire, Auber, barua ya adabu yenye makali: asipolipwa sawa na wenzake, watu watadhani hafanyi kazi kwa bidii inayotakiwa. Akaongezewa. Kisa hiki kinapendwa sana mitandaoni, na kina raha yake, ila siku hizi kinajulikana kuliko Noneti yenyewe, jambo ambalo ni kichekesho kidogo.

Basi tuje kwenye muziki, maana hapo ndipo hisani huisha. Simfoni ya Tatu, ile ya G minor, haifunguki kwa kishindo. Obo, ndugu wa mbali wa zumari yetu, inaanza peke yake na sentensi fupi inayoning'inia, isiyo na kitu chini yake. Wengine wanaijibu taratibu, na kabla hujajua mwendo umekwisha kushika kasi. Hakuna tarumbeta wala trombone. Nguvu yote inatoka kwenye nyuzi, pembe mbili na timpani, na kwa kuwa hakuna shaba nzito ya kuficha udhaifu, unasikia jinsi kila sauti ilivyopangwa. Sehemu ya pili inampa klarineti wimbo mrefu juu ya sauti za chini zilizotulia, timpani ikigonga kwa mbali sana. Skertso, sehemu ya tatu yenye mchezo, ni ya mbio, nyuzi zikinong'ona kwa kasi hadi ala za kupuliza zinapopewa zamu yao katikati. Katika Noneti, sehemu ya pili ni mada moja inayozunguka mezani, kila ala ikiipamba kwa namna yake, na hakuna inayogeuzwa mtumishi wa fidla. Skertso yake inaanza kwa nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, kimzaha, kama watu wanaonyemelea jambo.

Mpinzani atasema: ni Mendelssohn na Beethoven walewale. Katika Simfoni ya Kwanza nakubaliana naye, kivuli cha Beethoven kimelala juu yake tangu mwanzo. Na kama kipimo ni uzushi wa lugha mpya, Farrenc hashindi. Berlioz wa mji uleule alikuwa amekwisha kufika mbali zaidi mwaka 1830. Huyohuyo Berlioz, alipoisikia uvertura yake moja mwaka 1840, aliandika kwamba imepangwa kwa okestra kwa kipaji ambacho ni nadra kwa wanawake. Ni sifa yenye mwiba, lakini inatoka kwa mtu aliyejua upangaji wa ala kuliko karibu kila aliyekuwa hai. Na okestra za leo zimejaa watunzi ambao hawakuzua lugha mpya. Tunawasikiliza kwa ufundi na kwa wimbo. Kipimo cha uzushi kinapotolewa kwa Farrenc peke yake, nashuku kipimo.

Upande wa pili nao una deni. Kumwita "Beethoven wa kike" ni kumtafutia aibu, kwa sababu msikilizaji atakuja akitarajia radi na atapata mazungumzo. Kuficha kwamba alinyamaza karibu kabisa katika utunzi baada ya 1859, alipofiwa na binti yake Victorine, mpiga piano aliyekuwa na miaka 32, ni kupunguza habari yake ili ifae kauli mbiu. Msiba ule haukuletwa na Conservatoire wala wachapishaji. Baada yake aligeukia muziki wa watu waliokufa zamani: yeye na Aristide walianza mwaka 1861 kutoa Le Trésor des pianistes, mkusanyiko wa muziki wa kinanda wa karne tatu, na Aristide alipofariki 1865 aliendelea peke yake hadi majuzuu yakafika 23. Wengi waliomo humo, ungo wa wakati ulikuwa umekwisha kuwatupa.

Simfoni zake zilipata toleo kamili la kuaminika kuelekea mwaka 2000, Ujerumani, kwa Florian Noetzel wa Wilhelmshaven, na wakati huohuo zikaanza kurekodiwa. Miaka ya karibuni mwongozaji Laurence Equilbey na okestra yake, Insula Orchestra, wamezirekodi zote tatu kwa ala za aina ya enzi zile. Ina maana okestra ya kawaida imeweza kuagiza karatasi hizi kwa miaka ipatayo 25 tu. Onslow alipewa muda mrefu zaidi kabla ya kuachwa. Ningependa Simfoni ya Tatu ipigwe Oktoba, bila hotuba, kabla ya Brahms, na ya Pili, ambayo hupigwa kwa nadra zaidi, ipewe angalau msimu mmoja. Noneti haihitaji hata bajeti ya okestra. Watu tisa na chumba vinatosha. Wakiisikia mara tatu na wakaichoka, hapo nitamsikiliza mpinzani wangu bila kumkatiza.