Mdomo uliofumbwa hautoshi

Naishukuru makala niliyoisoma, iliyoeleza upimaji wa nafasi inayojitokeza kati ya meno ya juu na ya chini taya linaposogea, kwa watu ambao meno yao hayakutani sawasawa. Tangu Edward Angle, daktari wa meno Mmarekani, agawe kasoro hizo katika madaraja matatu mwaka 1899, macho yameelekezwa zaidi kwenye meno mdomo ukiwa umefumbwa, si taya linaposogea. Hebu sogeza taya pembeni taratibu, meno yakigusana: kwa wengi chonge huteleza juu ya chonge, magego yanaachana, hivyo hayasagani. Ambaye meno yake ya mbele hayakutani hukosa kinga hiyo, magego yakaendelea kusagana. Karatasi ya rangi ambayo daktari humpa mgonjwa aing'ate huonyesha tu mahali meno yalipogusana, si yameachana milimita ngapi. Madaktari, tafadhali pimeni nafasi hiyo kabla ya kufunga nyaya za kunyoosha meno, na mkizitoa pimeni tena.