Kosa lisilo na mlalamikaji

Mwaka 1845 jimbo la New York, Marekani, lilitunga sheria ya kukataza watu kujibadili sura hadharani. Waliolengwa ni wakulima waliokuwa wakivaa vinyago na magauni ili wawatimue maofisa waliotumwa kudai kodi ya mashamba. Ugomvi ule uliisha, wakulima wakafa, sheria ikabaki kitabuni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, polisi wa jiji la New York walikuwa bado wanaitumia kumkamata mtu ambaye mavazi yake hayakulingana na jinsia waliyomwona nayo wao.

Nimewataja wakulima hao makusudi. Habari ya polisi na transjenda, yaani watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa, ikizuka kwenye vijiwe vyetu vya Mtwara, huishia kwenye dini na maadili kabla kahawa haijapoa. Msimamo wa misikiti na makanisa ya hapa unajulikana na sina haja ya kuurudia. Langu ni jembamba zaidi: polisi wamfanye nini mtu ambaye hakuna aliyekuja kumlalamikia?

Waingereza walilijibu kwa daftari. Sheria yao ya mwaka 1871 kuhusu makabila waliyoyaita ya wahalifu, huko India, iliwaandikisha polisi hijra, yaani watu wanaohesabiwa huko kuwa jinsia ya tatu, ambao wengi wao huvaa kike, na aliyeandikishwa akionekana hadharani na nguo za kike alikamatwa bila hati. San Francisco nako mavazi ya jinsia nyingine yalikuwa kosa tangu 1863. Agosti 1966, polisi walipoingia kwenye mgahawa wa Compton's jijini humo kuwaondoa wateja, inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja transjenda alimmwagia askari kahawa usoni, na meza zikapinduliwa. Miaka mitatu baadaye polisi walivamia baa ya mashoga ya Stonewall, New York, na vurumai ikafuata.

Kwetu Waingereza walituachia Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 154, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha maisha, kinahusu tendo la ngono kinyume cha maumbile. Hakisemi neno juu ya gauni, sauti wala mwendo wa mtu. Kifungu cha 176, cha wazembe na wazururaji, ndicho kipana. Kijana wa Chikongola au Magomeni aliyewahi kubanwa saa saba za usiku aeleze anatoka wapi anakifahamu bila kukisoma, na hajabadili chochote mwilini mwake.

Askari wa zamu naye ana hoja, na si ya kupuuzwa. Sheria hakuitunga yeye. Wakazi wanampigia simu kwamba biashara ya ngono imehamia mlangoni pao. Asipokwenda ataambiwa amekula rushwa. Wapo pia wanaosema hali hubadilika kupitia watu wa ndani. Sajini Elliot Blackstone wa San Francisco, aliyepewa mwaka 1962 kazi ya kuwa kiungo kati ya polisi na jamii ya mashoga na transjenda, alikuja kuwa mtetezi wao. Huko Tamil Nadu, India, Prithika Yashini, mwanamke transjenda, alikwenda mahakamani kudai nafasi yake, na mwaka 2017 akaanza kazi ya ukaguzi msaidizi wa polisi.

Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi hainitoshi. Juni 2019 mkuu wa polisi wa New York, James O'Neill, aliomba radhi kwa yaliyotokea Stonewall. Siku hiyo sheria ya 1976 ya kuzurura kwa nia ya ukahaba ilikuwa ingali hai, na wanawake transjenda walikuwa wakikamatwa nayo kwa kusimama tu barabarani. Ilifutwa Februari 2021. Mwaka huohuo waandaaji wa Pride, maandamano ya kila mwaka ya mashoga na transjenda jijini humo, wakawazuia polisi kushiriki kama kikundi. Chama cha askari mashoga kililalamika, na kilikuwa na haki ya kuumia, maana wanachama wake walipigania nafasi hiyo miaka mingi.

Dar es Salaam, Oktoba 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda, aliwaomba wananchi wamtumie majina ya mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Sawa, lakini mtu ambaye jina lake limeshatumwa kwa simu atakwenda vipi kuripoti wizi?

Hapo ndipo kauli ya wanaosema "tusiwahusishe polisi kabisa" nayo inapokwama. Mtu akipigwa usiku Mtwara, kabla ya kufika Hospitali ya Ligula kwa kawaida anatakiwa apitie kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi. Fomu hiyo ndiyo inayoandikwa majeraha, na bila hiyo kesi hudhoofika mahakamani. Anayeiogopa kaunta ya polisi anajifunga kitambaa na kulala na maumivu, na aliyempiga anatembea mtaani.

Woga huo haukuanza na transjenda. Mwaka 2022 askari saba walishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini hapahapa Mtwara, na mwaka uliofuata Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mohamed Chande Othman ikapendekeza jeshi la polisi ligeuzwe kuwa chombo cha kutoa huduma. Kabla ya semina na madawati ya jinsia vituoni, mimi ningeanza na mambo mawili: PF3 itolewe bila majeruhi kuulizwa anaishi na nani, na anayekamatwa kwa uzururaji aandikiwe kwenye kitabu cha matukio ni kitendo gani hasa alichofanya. Askari akikosa cha kuandika, amwachie aende.