Tochi: rangi, lumeni, na hili suala la betri

Ukiingia duka la tochi Kariakoo kitu cha kwanza utakachoambiwa ni lumeni, yaani wingi wa mwanga, hii elfu kumi bosi, ile elfu hamsini, inapiga mpaka ng'ambo. Hakuna atakayekwambia kama ukimulika waya wa kahawia na waya mwekundu uliochakaa utaweza kuzitofautisha. Na kwa fundi umeme aliyejikunja darini kwenye nyumba ya zamani, ambako nyekundu na nyeusi za enzi zile zimeungwa na kahawia na bluu za siku hizi, hilo ndo swali la maana kuliko lumeni zote.

Kipimo chake kinaitwa CRI, kinaonyesha mwanga unavyotoa rangi za vitu kwa ukweli, mwisho wake ni 100. Jua na zile balbu za zamani zipo 100 au karibu kabisa, LED za bei chee nyingi zinacheza kwenye 70, na kuanzia 90 ndo watu wanasema hii tochi nzuri. Ila kuna kitu hapo, hiyo namba ni wastani wa rangi 8 zilizopauka pauka, nyekundu iliyokolea, wanaiita R9, haimo kabisa kwenye hesabu, na ndo inayozishinda LED nyingi. Kwa hiyo taa inaweza kuwa na 80 yake na bado fundi gari akilala chini ya uvungu asijue lile tone ni oili ya injini au ni ile nyekundu ya giaboksi ya oto. Na mwanga wa njano sio lazima uwe na rangi za kweli, hayo ni mambo mawili tofauti, watu wanayachanganya sana. Dukani boksi haliandiki CRI, we mulika kiganja chako tu, kikionekana kijivu kama cha mgonjwa rudisha.

Sasa tuwe wa kweli, rangi nzuri ina gharama. Kwa betri ileile unapoteza mwanga, wakati mwingine hata robo yake. Mlinzi wa getini au mfugaji anayetaka kujua kama yale macho kule gizani ni ya fisi, rangi zinamsaidia nini? Huyo achukue ule mweupe wa kibluu unaoenda mbali, sina ubishi naye.

Kwenye betri ndo pana mjadala zaidi. AA unaipata mpaka kiosk cha kijijini, hapo haina mpinzani, ila zile za kutupa ukizisahau ndani zinavuja na kula spring zote. Za kuchaji ni bora, lakini moja ya volti 1.2 na mAh 2000 (mAh ndo ujazo wa chaji) inabeba kama wati-saa 2.4 tu, wakati 18650, ile betri nene ya lithiamu ya kuchaji, ya volti 3.6 na mAh 3000 inabeba karibu 11, yaani zaidi ya mara nne. Na 18650 siku hizi zipo mpaka kwenye powerbank na spika za bluetooth, shida ni kwamba nyingi za mtaani zimechomolewa kwenye laptop mbovu, au zimeandikwa 9900 wakati nzuri kabisa nyingi zinaishia kama 3500. Ukiona 9900 jua ni stika tu.

Kwa mi naona fundi wa mjini mwenye umeme wa kuchajia achukue tochi ya 18650 yenye LED ya rangi nzuri kama Nichia 519A, Kelvin 4000 mpaka 5000 (Kelvin ni kipimo cha mwanga kuwa wa njano au wa kibluu), hata kama itabidi aagize China. Anayekaa mbali na umeme, au anayezunguka sana, zipo tochi zinazokubali AA na betri ya lithiamu ya 14500 zote mbili, mfano Convoy T3 au Sofirn SP10 Pro, kwenye AA mwanga unashuka sana lakini kwa kazi ya karibu unatosha. Ila soma maelezo kwanza, 14500 ina umbo lilelile la AA lakini ikijaa ina volti 4.2, ukiitia kwenye tochi iliyotengenezwa kwa AA peke yake unaweza kuiunguza siku hiyohiyo.