Mnato Unasingiziwa

Mnato, ule uzito wa majimaji au hewa unaopinga kutiririka, una jina baya. Darasani hutajwa kama mwizi: unakula mwendo wa maji, unaugeuza joto, basi. Mimi naona ni uonevu mtupu, na shahidi wangu ni pete za moshi.

Mwaka 1858 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipiga hesabu za maji yasiyo na mnato hata chembe. Katika maji hayo ya kufikirika, pete ya mzunguko, yaani maji yanayojiviringisha kama pete ya moshi, ikishakuwapo haifi. Pete mbili zikifuatana, ya mbele hutanuka na kupunguza kasi. Ya nyuma husinyaa, huongeza kasi na kupenya katikati ya mwenzake. Kisha zamu zinabadilika, tena na tena.

Mwaka 1867 huko Edinburgh, Peter Guthrie Tait alitengeneza sanduku lenye tundu mbele na taulo lililokazwa nyuma. Akalijaza moshi, akalipiga taulo, pete zikachomoka. Rafiki yake William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipoziona zikigongana na kudunda huku zikitetemeka kama mpira, akawaza kwamba labda kila atomu ni pete ya aina hiyo, isiyokatika kamwe. Wazo zuri ajabu. Halikuwa kweli.

Mimi ningemwonyesha mwanafunzi jaribio la T. T. Lim na T. B. Nickels, la mwaka 1992. Ndani ya tangi la maji, pete mbili za maji yaliyotiwa rangi zilirushwa zikutane uso kwa uso, moja nyekundu, nyingine ya bluu. Zinapokaribiana hazipiti: kila moja inaitanua mwenzake, zote zinakuwa kubwa na nyembamba, na kingo zinaanza kujikunja. Mikunjo inagusana. Mara pete zile kubwa hazipo tena. Kuna duara la pete ndogondogo, kila moja nusu nyekundu nusu bluu, zikitawanyika kuelekea nje.

Maji ya Helmholtz hayawezi kufanya hivyo, kwa sababu ndani yake uzi wa mzunguko, yaani mstari ambao maji yanauzunguka, haukatiki. Kinachoukata ni mnato. Pale mizunguko miwili ya kinyume inapobanana, mnato huifuta kwenye mguso, na ncha zilizobaki hushikana na za upande wa pili. Mnato ukizidi, kweli, pete huvimba na kufifia kabla ya lolote kutokea. Ukipungua mno kwa kulinganisha na kasi, mgongano huishia kwenye wingu la vurugu tupu. Lakini hapo katikati ndipo penye uhondo.

Wala si mambo ya maabara tu. Ndege kubwa huacha nyuma ya mabawa mizunguko miwili mirefu inayoweza kuyumbisha ndege inayofuata, ndiyo maana waongozaji wa ndege huziachia nafasi zinapotua. Mizunguko hiyo nayo hujipinda, hugusana, na kuungana upya kuwa msururu wa pete, ambazo husambaratika upesi zaidi. Rubani anayekuja nyuma ana sababu ya kuushukuru mnato.