Bomba la dawa linaharibika jana yake jioni

Kila msimu huku Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, wimbo ni uleule, bomba la Kichina la kupulizia dawa shambani halifai, nimenunua juzi tu limeshakufa. Mimi naona tunalisingizia. Mabomba mengi yanayogoma asubuhi yaliharibika jana yake jioni, pale mtu alipomaliza kupiga dawa akalitupa chini ya mwembe na dawa ikiwa humohumo ndani, akaenda zake kuoga.

Yalishanikuta. Kantangaze, wale viwavi waharibifu, wameingia kwenye nyanya, nimeamka saa kumi na moja, kijana wa kibarua kafika, anapampu, dawa haitoki, inadondoka matone tu. Kumbe poda ya juzi imegandia kwenye chujio la kwenye mshikio na kwenye noziri, ile ncha inayotoa dawa. Tumehangaika weee mpaka linakubali ni saa nne, na upepo wa huku si mnaujua, alfajiri shwari kabisa halafu jua likipanda ziwa linaanza kuvuma kuja nchi kavu, ukilazimisha unampulizia jirani na wewe mwenyewe unaivuta. Yaani asubuhi ya kupiga dawa ina masaa matatu manne tu, halafu unayamalizia kwenye kachujio kadogo kuliko kifuniko cha soda.

Kingine ni maji. Eka moja kwa bomba la lita 16 ni bomba tano sita mimea ikiwa midogo, nyanya zikishafunga zinaenda bomba nyingi zaidi. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo kama umekaa kisheria maji lazima uyabebe, na ukihesabu muda wa kwenda na dumu na kurudi utakuta unatembea kuliko unavyopulizia. Na ya ufukweni yana mwani na mchanga. Siku hizi najaza pipa pembeni ya shamba jana yake, nachuja kwa kipande cha kanga, poda naikoroga kwenye ndoo kwanza ndo namimina kwenye bomba.

Noziri ikiziba jamani acheni waya! Tundu likipanuka dawa inatoka nyingi upande mmoja, hasara tupu. Na wale wa kuipuliza kwa mdomo sijui niwaambieje, ile ni sumu. Mswaki mkuukuu na maji unatosha. Mimi mfukoni natembea na noziri ya akiba na washa mbili, vile vipira vya kuzuia kuvuja, maana washa ikikatika katikati ya shamba ndo utajua duka liko mbali. Wa mabomba ya betri, chajini jioni, msisubiri asubuhi umeme ukatike ndo muanze kulalamika.

Ila kubwa kuliko yote ni malipo. Kibarua tunamlipa kwa kila bomba analopiga, sasa nani atakaa kuosha kitu asicholipwa? Nimeamua kuosha nako ni bomba moja, nalipa vilevile: anasuuza mara tatu, anapampu maji safi mpaka yatoke kwenye noziri, anayamwaga shambani sio ziwani, dagaa tunakula sisi wenyewe. Majirani wananicheka eti natupa hela. Wacheke tu, mbona saa tatu wanakuja kuniazima bomba.